Sauti ya Kumi na Nne

Fundi aliponiambia kwamba amezifuta sauti za mume wangu, nilikuwa nimesimama mlangoni pa karakana yake nakung'uta mwavuli. Nikaendelea kuukung'uta. Nikaufunga, nikauzungushia kile kikamba chake, nikalitafuta tundu la kifungo mpaka nikalipata. Kisha nikauegemeza ukutani na kuuliza:

"Zote?"

"Zote. Thelathini na mbili."

"Haya," nikasema, nikaingia ndani.

Najua mwanamke mwingine angemrukia, au angalau angekaa chini. Mniwie radhi. Mume wangu alikuwa amefariki miaka miwili na miezi minne nyuma, na tangu siku ile sikuwa nimelia, sikuwa nimegombana na mtu, wala sikuwa nimeota ndoto. Mimi kazi yangu ni msaidizi wa daktari wa meno. Kila siku nawaona watu wakitoka kwetu na mdomo uliokufa ganzi. Wanajing'ata midomo, damu inachuruzika mpaka kidevuni, nao wanatuaga wakitabasamu. Ndivyo nilivyokuwa, ila ganzi yao huisha baada ya saa mbili. Dada yangu mkubwa alikuwa akiniuliza kila Jumapili, "Unajisikiaje, mdogo wangu?" nami nikimjibu "Vizuri," mpaka akachoka kuuliza.

Karakana ya Fundi ni chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, ghorofa ya pili, ngazi hamsini na moja. Kuna meza tatu, taa zenye shingo ndefu, na rafu zilizojaa vinanda vya umeme vya zamani vilivyosimamishwa wima kama vitabu. Chumba kinanuka risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa na spiriti. Mwenyewe ni mwanaume mrefu, mkimya, miwani iko kwenye paji la uso saa zote na saa zote anaitafuta. Vidole vyake vina makovu madogo ya kuungua. Ananiita Daktari, ingawa nilishamwambia mara kumi kwamba mimi ni mshika mrija wa mate tu.

Kinanda cha marehemu kilikuwa meza ya katikati, kimewashwa.

Kinatuzidi umri, mimi na marehemu wote. Si kama hivi vya siku hizi, unabonyeza mara moja na bendi nzima inalia wewe ukinywa chai. Katika hiki sauti unaipika mwenyewe, kuanzia maji na chumvi. Kina vishikizo arobaini na vinne vya kuzungusha: hiki cha kuifanya sauti iwe nene, hiki cha kuichuja, hiki cha kuamua ije polepole au ije kwa ghafla. Ukizungusha kimoja kiasi cha unywele, sauti inakuwa ya mtu mwingine. Marehemu alikinunua kibovu kabla hajanioa, akakifufua mwenyewe, na kwa miaka kumi akapika sauti thelathini na mbili na kuzihifadhi kwenye kumbukumbu ya kinanda. Kumbukumbu hiyo huishi kwa betri moja ndogo, saizi ya kidole gumba, iliyolehemiwa ndani kabisa. Alipofariki nilikifunika shuka. Siku mama mkwe wangu aliponilazimisha nikiwashe, kilinguruma. Betri ilikuwa imevuja na tindikali yake imeanza kula nyaya, ingawa bado ilishikilia kumbukumbu.

Hivyo ndivyo nilivyomjua Fundi. Miezi sita ya Jumamosi. Mama hakuipenda hata moja. "Kinanda gani kinatengenezwa miezi sita?" alikuwa akiniambia. "Mtoto mzima anatengenezwa kwa tisa!"

"Keti, Daktari," Fundi akasema. "Acha nikueleze ilivyokuwa."

"Nieleze."

"Unaikumbuka Jumamosi ile ya kisa cha panya?"

Niliikumbuka. Wiki tatu nyuma Fundi alinisimulia kisa cha mteja wake mmoja, nami nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika meza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, na nilipokuwa nikishuka zile ngazi hamsini na moja kicheko kilikuwa kimeshapotea, nisijue kilikotoka wala kilikokwenda.

"Kabla ya kuitoa betri ya zamani," Fundi akaendelea, "sauti zote zinahamishiwa kwenye kaseti. Kinanda kinazitoa kama ukelele fulani mbaya, redio kaseti inaurekodi. Halafu unaurudisha mkanda nyuma, unakisomea kinanda, kinahakiki kwamba kila kitu kimo. Kikikubali, ndipo unaitoa betri. Hata fundi wa wiki ya kwanza anajua. Betri ikitoka, kila kisichokuwa kwenye mkanda kimekwenda."

"Hukurekodi?"

"Nilirekodi. Nilikuwa narudisha mkanda nyuma ili nihakiki, ndipo ukapiga hodi."

"Halafu nikacheka."

"Ukacheka." Aliivua miwani kwenye paji, akaikunja, akaikunjua. "Ulipoondoka nilikaa pale dirishani mpaka ulipopotea kwenye kona. Nikarudi mezani. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshahakiki. Ningeapa. Nikashika pasi ya kulehemu, nikaitoa betri. Kumbe sauti kwenye mkanda ilirekodiwa chini mno, kinanda hakisomi hata nukta moja. Miaka kumi na tisa kwenye kazi hii, sijawahi."

Nilimsikiliza. Nilingoja hasira ije, kama mtu aliyepiga simu akangoja iitikiwe. Haikuitikiwa.

"Ni nini hicho kinacholia sasa, basi?" nikamuuliza. Maana kinanda kilikuwa kinatoa mlio mdogo sana.

"Ni mimi. Kila sauti niliibonyeza nikaisikia mara moja kabla ya kurekodi. Tangu siku ile nazitengeneza upya kwa kukumbuka. Vishikizo havisaidii, vinabaki vilipoachwa mara ya mwisho, havikwambii kitu. Ni sikio tu. Nimefika ishirini na moja."

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu Mama anakuja leo kusikiliza. Na kwa sababu," akasita, "kuna jambo nataka kukuuliza, na siwezi kukuuliza nikiwa na hili tumboni."

"Uliza."

"Sasa hivi?"

"Mama atafika saa tisa. Tuna dakika ishirini."

Akanitazama. Fundi ana macho ya mtu anayesoma maandishi madogo, akikutazama unajua anakusoma mpaka mstari wa mwisho. Akasema, "Ungekubali nikuoe?"

Mvua ilikuwa inapiga bati la jirani. Nilijua kwamba mbele yangu ameketi mwanaume mwema, na kwamba hakuna mwanamke timamu wa kumwacha. Nilijua tu, kama unavyojua kwamba chumba kina dirisha.

"Fundi, mimi sisikii kitu," nikamwambia. "Umeniambia umezifuta sauti za mume wangu, nimetafuta hasira sijaiona. Umeniambia unataka kunioa, nimetafuta furaha, nayo sijaiona. Ukinioa utakuwa umeoa nini?"

"Nitakuwa nimemuoa anayekuja kila Jumamosi."

"Naja kwa ajili ya kinanda."

"Asiyesikia kitu hapandi mabasi mawili kwenye mvua, Daktari."

Nikamwambia nitamjibu Mama akishaondoka. Akauliza, je, Mama aambiwe?

"Asiambiwe," nikasema. "Ana miaka sabini na moja, ana presha. Mpigie kumi na nne yake, alie, aende nyumbani akalale."

"Njia ya mwongo ni fupi."

"Mama naye hatembei haraka."

Hakucheka. Mimi vilevile.

Niwaambie kuhusu kumi na nne. Marehemu aliipika kwa ajili ya mama yake. Ilikuwa kama mtu anayeimba amefumba mdomo, chumba cha pili, mikono yake ikiwa na kazi nyingine. Mama akija kwetu hakuuliza chai wala wajukuu ambao hatukuwapata. Alikaa, akavua viatu, akasema, "Kumi na nne," na mwanawe alimpigia mpaka asinzie. Aliponiambia, baada ya mazishi, "Mwanangu mmemzika, lakini sauti yake imo humo ndani," hiyo ndiyo aliyokuwa anaisema.

Saa tisa kasoro dakika mbili tukasikia fimbo yake kwenye ngazi.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mama. Shikamoo." Fundi alikwenda kumpokea mkono.

"Marahaba." Hakumpa mkono. Alisimama mlangoni akihema, mtandio umelowa mabegani, akatafuta kinanda kwa macho. "Ndicho hicho? Mbona kimepungua?"

"Kimesafishwa tu, Mama."

"Uchafu ule ulikuwa wa mwanangu," Mama akasema.

Nikamketisha. Nikamvua viatu, kwa sababu ndivyo alivyozoea, na vilikuwa vimelowa. Fundi akavuta kigoda. Yeye si mpigaji. Anapiga kama mtu anayehesabu. Akauliza, "Tuanze na ipi, Mama?" ingawa alijua.

"Kumi na nne."

Akabonyeza vibonyezo vitatu, polepole.

Sauti ikajaa chumbani. Mama alifunika mdomo kwa kiganja. Akainuka bila fimbo, akaenda mezani, akaweka mkono wake juu ya ubao wa kinanda, pale kando ambapo marehemu alikuwa akiegemeza kiwiko.

"Baba," akasema. Ndivyo alivyomwita mwanawe tangu akiwa mchanga. "Baba, ni mimi. Nimekuja. Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Fundi hakuthubutu kuinua vidole. Sauti ikaendelea, naye Mama akaendelea kuzungumza nayo. Alimwambia mwanawe kwamba goti la kushoto limekuwa baya zaidi, kwamba bomba la jikoni limetengenezwa, na kwamba amelipaka rangi kaburi lake. Machozi yalimtiririka asiyafute. Mimi nilisimama na viatu vyake mkononi. Nilikuwa natazama kitu ambacho ningepaswa kukikimbia, au kukililia, na nilichowaza ni kwamba viatu hivi vinataka kuwekwa karibu na moto.

Nikamtazama Fundi. Shingo imeinama, macho yake hayatoki kwenye vidole.

Hatimaye Mama akajipangusa uso kwa ncha ya mtandio.

"Inatosha. Fundi, Mungu akuzidishie. Nilikusema vibaya kwa watu, unisamehe."

"Mama, usiniombe..."

"Nakuomba. Mtu mzima akikosea anasema." Akanigeukia mimi. "Kesho shemeji yako atakuja kukichukua, kikae chumbani kwangu. Nitakuwa nambonyeza kila asubuhi, tusalimiane. Nawe mwanangu, sasa huna kinachokupandisha ngazi hizi tena. Nilikuwa na maneno moyoni, nikayameza. Mjane, kila Jumamosi, kwa mwanaume asiye wake. Watu wakiniuliza nikawa nasema, ni kinanda. Kinanda kimepona. Si ndiyo?"

Alinitazama kwa upole. Jibu lilikuwa limeshaandaliwa, nilitakiwa kulichukua tu. Miaka miwili nimeitikia ndiyo kwa kila mtu: ndiyo kwa wenye rambirambi, ndiyo kwa daktari wangu, ndiyo kwa dada yangu. Nikisema ndiyo moja zaidi, Mama anakwenda nyumbani na mwanawe, mimi nakwenda nyumbani na mwavuli wangu, na Fundi hatakuwa na neno, kwa sababu uongo ni wetu sote.

Nilifungua mdomo niitikie.

"Mama, huyo siye," nikasema.

"Siye nani?"

"Uliyezungumza naye. Sauti za mwanao zimefutika, hata moja haipo. Hiyo uliyoisikia ni ya Fundi, ameitengeneza yeye."

Mlio ukakatika. Fundi alikuwa ameinuka.

"Kosa ni langu, Mama," akasema haraka. "Niliitoa betri kabla ya kuhakiki mkanda. Yeye hakuwa na habari, nimemwambia leo hii, nusu saa iliyopita..."

"Si lake peke yake," nikasema. "Nilikuwepo hapa. Mkanda haukuhakikiwa kwa sababu mimi nilikuwa nacheka."

Mama aliurudisha mkono wake kutoka kwenye kinanda, akaushika kwa ule mwingine. Akarudi kwenye kiti, akaketi polepole.

"Ulikuwa unacheka," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Wewe."

"Mimi."

Akaishika fimbo yake kwa mikono miwili, nikajua sasa yanakuja, nitafukuzwa kwenye ukoo na Fundi atalaaniwa yeye na kizazi chake. Lakini Mama alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ulikaa kwangu miezi minane baada ya msiba. Nilikuwa natega sikio mlangoni kwako usiku. Nilisema, huyu atalia siku moja, nitaingia nimshike. Hukulia. Asubuhi unatoka umechana nywele, unasema umelala vizuri. Nilikuwa nakuogopa, mwanangu. Nilimwambia shemeji yako, tumezika wawili, mmoja tumemsahau nje." Akavuta pumzi. "Sasa nataka kujua. Nini kilikuchekesha?"

Fundi, nyuma yake, alinitikisia kichwa. Usiseme. Nami nilijua kwa nini. Lakini nilikuwa nimeshaanza ukweli, na ukweli ukishauanza hauna kituo.

"Mteja wake mmoja alileta kinanda," nikasema. "Akalalamika kwamba alfajiri kinajipiga chenyewe. Mlio mmoja, miwili, halafu kimya. Yeye anaishi peke yake, na kinanda kilikuwa cha marehemu bibi yake."

Mama hakupepesa jicho.

"Basi akawa anaamka, anakaa kitandani, anamjibu. 'Nimekusikia, Bibi. Hata mimi nimekukumbuka.' Mwaka mzima. Anampa habari za kazini. Mwisho akawa anamwomba na ushauri. Wakakubaliana, milio miwili ni ndiyo, mmoja ni hapana. Akamuuliza kama aoe."

"Akajibiwa?"

"Miwili, Mama. Akaoa. Baada ya harusi kinanda kikanyamaza kabisa, ndiyo akakileta. Fundi alipokifungua akakuta kiota cha panya chini ya vibonyezo, na watoto watano."

Cherehani za duka la chini zilikuwa zinasikika.

"Na mwenye kinanda?" Mama akauliza, bila kugeuka. "Alisemaje?"

Ilibidi Fundi ajibu. "Alikaa hapo ulipokaa, Mama. Akafikiri sana. Akaniuliza, 'Sasa huyu mke nimechaguliwa na nani?'"

Mabega ya Mama yakatikisika mara moja. Nilidhani ni moyo, nikapiga hatua. Akayainua macho kuelekea kinanda, pale alipokuwa ameweka mkono, akasema, "Na mimi hapa nimempa panya habari za goti langu."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, cha mtu aliyepaliwa. Kikarudi tena kirefu zaidi, na katikati yake kikageuka, akawa analia, kilio cha kweli, tofauti na yale machozi ya kwanza. Alilia amejikunja, paji likiwa juu ya fimbo. Nikapiga magoti, nikaweka kiganja mgongoni kwake. Nikazisikia pingili za uti wa mgongo moja moja, na joto. Fundi alisimama dirishani, akatugeuzia mgongo ili asitutazame.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Mama akapenga makamasi.

"Wewe," akamwambia Fundi. "Uliisikia mara ngapi, hiyo kumi na nne?"

"Mara moja, Mama."

"Mara moja!" Akaguna. "Mimi miaka kumi, na siwezi hata kuiimba." Kisha akasema, "Haiko sawa."

"Najua, Mama."

"Hujui. Ungejua ungeirekebisha. Mwanzo wake unakuja haraka. Yake ilikuwa inachelewa. Kama mtu umemwita, anamaliza kumeza kwanza, ndipo anaitika."

Fundi aliishusha miwani machoni. Akavuta kigoda, akakaa, akazungusha kishikizo kimoja kidogo.

"Hivi?"

"Bado."

"Hivi?"

"Umepitiliza, huyo sasa amelala."

Wakaendelea. Mama hakuwa na neno hata moja la ufundi, naye Fundi hakumwomba. Akisema "ina kutu" Fundi aliichuja. Akisema "imesimama mlangoni, iingie ndani," Fundi alifikiri, akagusa viwili kwa pamoja, ikaingia. Mvua ilikatika nje. Mama alikuwa amesogeza kiti mpaka goti lake bovu linagusa mguu wa meza. Ilifika mahali wote wawili wakakwama.

"Kuna kitu hakipo," Mama akasema. "Kidogo tu. Sikijui jina lake."

"Upepo," nikasema mimi.

Wakageuka. Hata mimi nilishtuka.

"Kulikuwa na upepo ndani yake," nikasema. "Hicho cha tatu kutoka mwisho, safu ya chini. Alikuwa anakigusa kwa kidole cha mwisho wakati mkono wa kulia unapiga. Alikuwa anakigusa huku ananitazama mimi, kwa sababu Mama ameshasinzia."

Fundi akainuka kwenye kigoda. Akanipisha.

Sijawahi kupiga kinanda. Nikaweka kidole changu cha mwisho pale kilipokuwa chake. Fundi akaegemea kando yangu, akabonyeza vile vibonyezo vitatu. Nikazungusha. Kidogo. Nikazungusha tena.

"Hapo," Mama akasema.

Hapo ndipo iliponiuma. Ilianzia chini ya mbavu, ikapanda, na nilikuwa nimeisahau kabisa, nikashangaa kwamba watu hutembea barabarani wakiwa na kitu kikubwa namna hii. Machozi yalidondoka kwenye vishikizo, naye Fundi, aliyewahi kumfukuza mteja kwa kuweka kikombe karibu na kinanda, hakuyafuta. Mkono wake ulikuja ukakaa juu ya wangu, mbele ya Mama, ukakaa hapohapo. Mama aliona. Alitazama mikono ile miwili kwa muda, kisha akatazama dirisha.

"Nipe viatu vyangu," akaniambia.

Nikamvisha. Alipofika mlangoni akamgeukia Fundi.

"Sitakuita mwanangu. Usikae ukasubiri."

"Sitasubiri, Mama."

"Ila kinanda kibaki. Jumamosi nitakuja tena, kuna na ile ya saba, naijua vizuri. Na uweke kiti kingine, hiki kinauma." Akanishika shavu, akalipangusa kwa kidole gumba kwa nguvu, kama anayesafisha mtoto. "Nawe uwahi. Usiniache peke yangu na huyu, anachelewa kuelewa."

Tulisikiliza fimbo yake ikishuka ngazi zote. Nikabaki nimeegemea meza, pua imeziba, kifua kinauma kila nikivuta pumzi.

"Hujanijibu," Fundi akasema. Alikuwa ameishika miwani mkononi na anaitafuta mezani.

"Nimekubali."

"Umekubali kuolewa?"

"Nimekubali kuolewa, Fundi. Miwani unayo mkononi."

Akaitazama, akaivaa, akanitazama mimi. Sikuwahi kumwona ametabasamu mpaka meno ya nyuma. Kwa macho ya kazi yangu niliona moja linahitaji kuzibwa.

"Unasikia nini sasa?" akaniuliza.

Nilitafuta, na safari hii vilikuwepo, vingi, vimechanganyika, hata nisijue nianze na kipi.

"Inauma," nikamwambia. "Na nina njaa. Nina njaa sana. Twende tukale."